Kumi ya Maji na Kumi ya Nyama

Vijana wangu, najua mnanicheka. Kila mtoto anayeletwa nyumbani kwangu hapa Rumonge kunisalimia, kabla sijamuuliza jina, namshika mguu, nabonyeza juu ya wayo kwa kidole gumba, nasubiri kidogo, naachia, natazama. Mama zao wamekwisha kuzoea. Juzi mmoja alinitania: "Mama Sada, unaangalia kama ameiva?" Nikamjibu ndiyo, ameiva, mpeleke nyumbani.

Leo nataka niwaeleze tabia hiyo niliitoa wapi, kwa sababu ndani yake kuna hesabu, na hesabu hiyo wengi wenu mnaibonyeza kwenye simu bila kuiuliza swali hata moja. Majuzi kijana mmoja wa pale ufukweni, mwenye mizani ya kisasa inayowaka namba nyekundu, aliniambia ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, wameshuka kwa asilimia mia mbili. Nikamwambia: "Mwanangu, wakishuka mia, hakuna samaki. Wakishuka mia mbili, basi mmeanza kurudisha ziwani hata wale mliokula mwaka jana." Alicheka sana. Namba hakuibadilisha.

Mimi nilikuwa mpimaji. Sikupata kazi nyingine wala sikuitafuta. Nilipima ndagala ufukweni, na wakati wa vita nilipima watoto. Watu wakisikia hivyo hushangaa, kana kwamba ni kazi mbili. Ni moja. Kitu kilikuwa na uzito gani kwanza, sasa kina uzito gani, tofauti ni ngapi, na tofauti hiyo ni sehemu gani ya ule uzito wa kwanza. Toa, gawanya kwa kile cha kwanza, zidisha kwa mia. Mtoto wa shule ya msingi anaijua. Kinachowashinda watu wazima ni kukubaliana cha kwanza ni kipi.

Aliyenifundisha hilo ni shangazi yangu Tausi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Yeye alikuwa akikusanya ndagala wakavu kutoka kwa waanikaji na kuwapeleka Bujumbura. Kama hamjawahi kuanika, jueni hivi: kilo mia za ndagala wabichi, jua likiwa zuri na mchanga ukiwa msafi, hubaki kama ishirini na tano. Robo tatu nzima inapanda mbinguni. Shangazi hakuamini macho wala mizani peke yake. Alichukua ndagala mmoja katikati ya gunia, akamshika kichwa na mkia. "Akipinda, bado iko na maji. Akivunjika, iko tayari." Alipomvunja alitaka kusikia sauti, kama kijiti.

Asubuhi moja akaja mwanikaji mwenye kofia pana, mtu wa maneno mengi. Jana yake jioni gunia lake tulilipima wenyewe, likawa na kilo ishirini na tano. Asubuhi ile lilikuwa na thelathini.

"Ni umande, Bibi," akasema. "Umande wa ziwa. Nyongeza ndogo tu, tano kwa mia."

"Tano kwa mia ya nini?" Shangazi akauliza.

"Si tulianza na kilo mia?"

"Ile mia ilikuwa samaki pamoja na ziwa. Ziwa limeshaondoka. Jana ulilala na ishirini na tano. Tano juu ya ishirini na tano ni ngapi kwa mia?"

Yule bwana akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu liko humo.

"Ni ishirini!" Shangazi akapaza sauti mpaka wanawake wa mbali wakageuka. "Samaki aliyekufa hanenepi, baba. Mrudishe akaote jua."

Baadaye, tukiwa tunafunga magunia, aliniambia: "Mwanamke akikutajia pasenti, muulize ya nini. Mwanamume akikutajia, muulize mara mbili." Nilicheka tu. Sikujua kwamba maneno hayo siku moja yatasimama kati ya mtoto na kaburi lake.

Halafu vita vikashuka kutoka milimani. Zilikuja nyakati wavuvi wakakatazwa kuingia ziwani usiku, na ndagala huvuliwa usiku. Mizani yangu ikabaki inaning'inia kwenye kigingi, upepo ukiichezea. Barabara ya Bujumbura ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa mtu asiyejua kama anatoka au anaingia. Watu wa vilimani waliteremka wakajaa kandokando ya ziwa, wakawa wanaitwa wadeplase, wakilala chini ya mashitingi, yale maturubai ya plastiki.

Siku moja akaja ufukweni mwanamke mrefu aliyevaa koti jeupe juu ya kitenge. Alikuwa muuguzi, Mukongomani kutoka upande wa Uvira, aliyeolewa hapa kwetu. Jina lake Furaha, na sisi tulimwita Muganga Furaha. Alikuwa amefungua senta ya kulisha watoto waliodhoofika, lakini mizani yake ilikwama barabarani, huko nyuma ya Muhuta, na hakuna aliyejua itafika lini.

"Mama, mizani hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Naiomba. Watoto wananingoja."

"Mizani hii haiendi mahali bila mimi."

Akanitazama juu mpaka chini. "Basi kuja nayo."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Nilitembea nyuma yake nikiwa nimebeba mizani begani, na kwa kuwa ilikuwa ikinuka samaki tangu ilipotengenezwa, paka wa mtaa walitufuata mpaka mlangoni.

Senta ilikuwa ndani ya godauni la zamani la mawese. Sakafu ilikuwa imekunywa mafuta miaka mingi, ikawa haitakati hata ukiisugua kwa jivu. Watoto waliotambaa humo waliinuka na magoti ya rangi ya machungwa. Tulishona suruali ya turubai yenye mikanda, tukaitundika kwenye ndoano ya mizani, mtoto akawa anaingizwa humo miguu ikining'inia. Wengi walilia. Wengine walikuwa hawana nguvu ya kulia, na hao ndio waliotutisha.

Nawapa mambo machache ya kazi, kwa sababu siku hizi yanasahauliwa. Pima saa ile ile, kabla ya uji. Mvue mtoto nguo zote na shanga nzito. Pima suruali tupu kwanza, urudishe mshale kwenye sifuri, na urudie hivyo kila baada ya mtoto, si asubuhi tu. Mtoto wa kwanza akikojoa ndani ya turubai, wa pili atanenepa bila kula. Tulikuwa na asubuhi moja ambapo watoto saba mfululizo waliongezeka vizuri ajabu, mpaka Muganga Furaha alipogusa ile suruali na kuikamua.

Aliyekuwa akiandika kadi ni Mwalimu Fideli, kijana mwenye mwandiko wa kupendeza, ambaye shule yake ya kilimani ilikuwa imefungwa. Alinizidi elimu na hakuwahi kunionyesha hivyo. Alikuwa na haraka tu. Mwezi mmoja watoto wa senta walitoka arobaini wakafika themanini. Fideli akaandikia shirika lililotusaidia kwamba watoto wameongezeka kwa asilimia mia mbili, maana themanini ni mia mbili ya arobaini ukiigawanya. Alisahau kutoa kwanza. Ongezeko lilikuwa mia tu. Shirika likatuletea maziwa ya watoto mia na ishirini.

Muganga Furaha alihesabu makatoni, akahesabu tena, akamwita Fideli.

"Mwalimu," akamwambia, "kosa hili usilisahihishe."

Na kweli maziwa hayo hayakukaa, kwa sababu watoto walizidi kuja. Lakini kosa ni kama punda. Leo amekubebea mzigo, kesho anakupiga teke.

Sasa nafika kwa Godeliva.

Alikuwa mwanamke wa vilimani juu ya Gatete. Vita vilimtoa huko vikamsukuma mpaka kambi ya wadeplase karibu na Kigwena. Mume alikuwa ametangulia kutafuta njia na hakuwa amerudi. Alikuwa na mapacha wa kiume, miaka miwili na kidogo: mkubwa Bukuru na mdogo Butoyi, kama mapacha wote wa Burundi wanavyoitwa. Alikuja na Butoyi mgongoni. Bukuru alimwacha kambini kwa mama mkwe, kwa sababu njia ilikuwa mbaya na mgongo ni mmoja.

Alizungumza Kirundi, mimi namwandika kwa Kiswahili. Neno lake la kwanza, baada ya salamu ya amahoro, lilikuwa la kulalamika.

"Walipimwa kambini wote wawili siku moja. Huyu kumi, na mwenziwe kumi. Mimi mapacha wangu sijawatofautisha hata punje. Kwa nini mmoja anakimbiza kuku na huyu hata nzi hamfukuzi?"

Nilimtundika Butoyi. Kilo kumi kamili. Ukimtazama haraka ungesema ni mtoto mnene. Uso ulikuwa mviringo, macho yamefunikwa nusu, miguu inang'aa kama imepakwa mafuta. Nywele zake zilikuwa nyepesi na nyekundunyekundu. Muganga Furaha alipiga goti, akabonyeza juu ya wayo kwa kidole gumba, akasubiri, akaachia. Shimo likabaki pale, kama umechovya kidole kwenye ugali uliopoa.

"Hii haiko munene, mama," akasema. "Hii ni maji."

Baadaye akanivuta pembeni. "Mama Sada, mutoto huyu atashuka kwanza ndipo apande. Usishituke. Maji yakitoka, kilo zinatoka nayo."

"Kama ndagala," nikasema.

Akaziba mdomo kwa mkono asicheke. "Kama ndagala. Lakini mama yake usimwambie hivyo."

Butoyi akashuka. Kila tulipompima mshale ulirudi nyuma kidogo. Kadiri maji yalivyotoka ndivyo mtoto wa kweli alivyojitokeza, na mtoto wa kweli alikuwa mbavu na magoti. Mimi na Muganga tulifurahi. Godeliva alikuwa anaona kitu kingine kabisa. Aliona kwamba amewaletea watu hawa mtoto mwenye mashavu, na wao wanamtoa mashavu siku baada ya siku kwa maziwa yao ya kizungu. Mshale ulisimama kwenye nane. Muganga akabonyeza mguu, na safari hii kidole hakikuacha alama. Siku ile Butoyi alimaliza kikombe chake cha kwanza na kukishika asikiachie.

Upimaji uliofuata alikuwa na kilo nane na gramu mia nne.

Fideli alikuwa na desturi ya kusoma matokeo kwa sauti ya darasani, mama wote wakiwa wamekaa chini na watoto mapajani. Alisoma kadi ya Butoyi, akatazama uzito wa kuingia, akapiga hesabu kichwani, akatangaza: "Butoyi, kilo nane na gramu mia nne. Amepungua asilimia kumi na sita."

Mama mmoja akasema "Mawe!", yaani mama yangu, na kushika kichwa. Wengine wakamgeukia Godeliva kwa macho yale ambayo watu humtazama nayo mfiwa. Aliinuka, akamweka Butoyi mkekani, akaanza kukusanya vyombo vyake: sufuria, kijiko, kipande cha sabuni.

Nilimfuata ukutani, alikokuwa akitoa kitenge alichokuwa amekifua. Barabara ya kusini ilikuwa wazi siku hiyo, na gari la mihogo lilikuwa linaondoka adhuhuri kwenda upande wa Kigwena.

"Unakwenda wapi, mama Bukuru?"

"Kwa Bukuru. Mwalimu amesema."

"Mwalimu amesema nini?"

"Amesema anaisha. Kama ni kufa, afie karibu na pacha wake. Mapacha hawaagani kwa mbali, Mama Sada. Huyu aliyebaki atamtafuta maisha yake yote."

Nilikimbia kwa Muganga Furaha. Alikuwa chumba cha ndani, akimhudumia mtoto mwingine aliyezidiwa, na mikono yake haikuweza kuachia. Alizungumza bila kugeuka. "Akimutoa leo hafiki mwezi. Ndiyo kwanza ameanza kula. Umuzuie."

"Kwa maneno gani?"

"Yoyote. Hata yale niliyokukataza."

Nikarudi. Godeliva alikuwa anakunja kitenge kikiwa kinachuruzika maji. Nilikuwa sina maneno. Nilikuwa na mizani.

"Utabeba maji mpaka Kigwena?" nikamuuliza. "Nipe nikipime."

Alidhani nimechanganyikiwa, na nadhani alinipa kwa huruma. Nilikitundika kwenye ndoano. Kilo moja na nusu. Nikamwonyesha mshale mpaka akauona. Kisha tulikikamua pamoja, yeye ameshika ncha ile na mimi hii, maji yakamwagika kwenye sakafu ya mawese yakawa vitone vitone. Tukakitandaza juu ya bati lililokuwa uani. Mnalijua jua la pwani yetu likikasirika. Tulikaa kivulini kukingoja, Butoyi katikati yetu anatafuna kijiko. Gari la mihogo lilipiga honi mara ya kwanza.

Kitenge kilipokauka nikakitundika tena. Nusu kilo.

"Kilo nzima imepotea," nikamwambia. "Kitenge chako kimekonda?"

"Hapana."

"Kimechakaa? Hebu kitazame. Maua yamepungua?"

"Maji ndiyo yametoka."

"Kipi ni kitenge chako, kile cha kilo moja na nusu au hiki cha nusu?"

Alikuwa ameshaona ninakokwenda, na hakutaka kufika kabla hajawa na hakika. Nikamshika mkono, nikachukua kidole gumba chake mwenyewe, nikakiweka juu ya wayo wa Butoyi. "Bonyeza. Nguvu. Sasa achia."

Mguu ulikuwa mwembamba, lakini haukuacha shimo. Akabonyeza tena. Akabonyeza na ule wa pili.

"Siku ulipokuja," nikasema, "Butoyi alikuwa na kilo nane. Mbili zilikuwa maji. Hakuna mizani duniani inayojua kutenganisha, kwa hiyo tukaandika kumi. Alipofika nane hakuwa amepungua, alikuwa amefika. Tangu hapo ameongeza gramu mia nne. Mia nne juu ya nane ni tano kwa mia. Hizo ni zake."

"Ni nyama?"

"Ni nyama."

"Na mwalimu?"

"Mwalimu amehesabu pamoja na maji. Sisi ufukweni tunalijua hilo zamani. Ndagala mbichi na ndagala mkavu..."

"Unamfananisha mwanangu na ndagala?"

"Ndagala wa Rumonge, mama! Anapelekwa mpaka Bujumbura, anapokelewa kwa heshima."

Hakucheka, lakini kona ya mdomo ilisogea. Honi ikapiga mara ya pili. Wakati huo Fideli alikuwa amesimama nyuma yetu, kadi mkononi. Alikuwa amesikia.

"Mama Sada, kumi kutoa nane nukta nne ni moja nukta sita," akasema taratibu. "Ukigawanya kwa kumi ni kumi na sita kwa mia. Hesabu yangu iko sawa."

"Iko sawa kabisa, mwalimu. Umejibu vizuri. Ila swali hilo hakuna aliyekuuliza."

Aliitazama kadi kwa muda. Kisha alifanya jambo ambalo limenifanya nimheshimu hadi leo. Alirudi mbele ya mama wote, akasimama mahali pale pale, akasoma kwa sauti ile ile ya darasani: "Butoyi. Nimerudia. Ameongezeka asilimia tano." Mama wakaguna, wakaulizana, akawaeleza. Jioni alimwendea Muganga Furaha kumuuliza, kwa watoto wa aina hii, uzito wa kwanza auhesabu kutoka wapi.

"Pale kidole kinapokataa kuzama," Muganga akamjibu. Kuanzia siku hiyo Fideli hakuandika asilimia ya mtoto yeyote kabla hajambonyeza mguu.

Gari la mihogo liliondoka bila Godeliva. Lakini alikuwa mtu wa kilimani, hatoi kitu bure. Aliniambia: "Nimebaki na huyu. Sasa niletee yule."

Senta ilikuwa na gari dogo lililopeleka unga Kigwena kila njia ilipofunguka. Nilimsihi dereva. Ilichukua muda, kwa sababu milio ya bunduki ilisikika katika msitu wa Kigwena na hakuna aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya unga. Mwishowe asubuhi moja Bukuru akateremshwa kutoka katikati ya magunia matupu, amejaa vumbi, ameshika kimfuko cha kitambaa na hakubali kimtoke. Ndani yake mlikuwa na vipande vya muhogo, vimekauka kama kokoto. Bibi yake kila alipompa Bukuru kipande alikata kingine cha ukubwa ule ule, akakiweka humo. Cha Butoyi. Mapacha hawatofautishwi, hata kama mmoja hayupo.

Bukuru alimtazama ndugu yake aliyekonda, akazunguka upande mmoja, akazunguka upande wa pili. Kisha akakaa naye, akamwaga vile vipande, akaanza kumgawia.

Butoyi akapanda. Nane na nusu, nane na gramu mia nane, tisa. Alipofika tisa na gramu mia mbili, Muganga Furaha akamwita Godeliva kwa uso wa habari njema.

"Mama, ameongeza kumi na tano kwa mia tangu chini. Hiyo ndiyo pasenti ya kutoka. Unaweza kwenda."

"Mwenziwe ana ngapi?"

Tukampima Bukuru. Kumi. Kambini hakuwa ameongeza hata gramu mia.

"Basi sitoki."

"Mama, iko inatosha! Pasenti iko inatosha."

"Inatosha kwako, Muganga. Nilileta kumi. Nitaondoka na kumi, na safari hii iwe nyama."

Mwanamke ambaye nusura tumfunge kamba asiondoke, sasa tulikuwa hatujui tumtoe vipi. Muganga alinigeukia, mimi nikageukia mizani. Barabara ya kusini ilifungwa tena siku ile, na hilo likawaamulia Muganga na Godeliva.

Hapa nataka msimame kidogo na simu zenu. Butoyi alitoka kumi akashuka nane. Hiyo ni asilimia ishirini. Je, kupanda ishirini kungemrudisha? Ishirini kwa mia ya nane ni moja na gramu mia sita, angefika tisa na mia sita na kusimama. Kilo mbili ni zile zile, lakini zikitoka juu ya kumi ni moja ya tano, na zikirudi juu ya nane ni moja ya nne. Alihitaji ishirini na tano. Kila kilichoshuka hurudi kwa kazi kubwa kuliko ile kiliyoshukia. Kwa samaki, kwa mtoto, kwa mji uliopigwa vita, ni hivyo hivyo. Nimeona vijana wakikata tamaa kwa sababu walishuka ishirini, wakapanda ishirini, na bado hawajafika. Hawakukosea. Wanahesabu kutoka mahali pa chini, basi. Waendelee.

Na ikafika siku. Fideli alikuwa amesimama na kalamu, mama wamekaa chini, paka wawili mlangoni kama kawaida. Nilipima suruali tupu, nikarudisha mshale kwenye sifuri. Bukuru akaingia kwanza. Kumi na ushee kidogo, nikadhani uji wa senta umempenda naye. Godeliva akakunja uso, akamvua shanga za kiunoni na kutaka apimwe tena. Kumi.

Kisha Butoyi. Mshale ulipanda, ukatetemeka, ukatulia.

"Kumi," nikasema.

Fideli akatazama kadi, uzito wa kuingia na uzito wa kutoka. Nikaona mabega yake yanaanza kucheka kabla ya mdomo. Akasimama wima, akasoma kwa sauti iliyofika barabarani:

"Butoyi. Aliingia na kumi, anatoka na kumi. Mabadiliko: asilimia sifuri!"

Mama wale, ambao kwa wakati huo walikuwa wanaijua hesabu hii kuliko watu wengi wa ofisini, wakapiga vigelegele. Sijawahi kusikia sifuri ikipigiwa vigelegele, kabla yake wala baada yake. Muganga Furaha alitoka chumba cha ndani na sindano mkononi, akidhani amani imetangazwa.

Godeliva peke yake hakupiga. Alikuwa amepiga magoti chini ya mizani, mtoto akiwa bado ananing'inia humo. Alishika mguu, akaweka kidole gumba juu ya wayo, akabonyeza kwa nguvu zake zote, akasubiri.

Butoyi akampiga teke mkononi. Teke la mtu mwenye kilo zake mwenyewe. Mizani nzima ikayumba, mshale ukakimbia huku na huku, na Fideli akasema kwa mujibu wa kanuni lazima nipime upya.

Nikapima upya. Kumi.